Ushabiki na Ujira Wake

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Televisheni ilipoingia Kenya mwaka wa 1962 ilipokewa kwa tumaini la methali hiyo, na stesheni ya pili ilipofunguliwa Mombasa mwaka wa 1970, tumaini likaanza kupanda polepole kutoka pwani kuelekea Voi na milima ya Taita. Mgeni huyo alikuwa mzito. Aliketi mahali pamoja, alidai umeme au betri ya gari, na kila aliyetaka kumwona alilazimika kumfuata alipokuwa. Mgeni wa pili amekuja juzi tu. Yeye ni mwepesi, hukaa mfukoni, na jina lake ni mitandao ya kijamii. Wako wanaodhani kuwa huyu wa pili amekuja kumfukuza wa kwanza. Dhana hiyo si sahihi. Wageni hawa wawili wamekwisha kufanya shirika, na bidhaa wanayoiuza katika duka lao ni macho yetu.

Neno ninalokusudia kulithibitisha ni hili: shabiki wa televisheni wa siku hizi ameambiwa kuwa amekuwa bwana wa kipindi, kumbe amefanywa kibarua wa kipindi. Tena ni kibarua wa namna isiyopata kuonekana hata katika mashamba yetu ya mkonge, maana yeye halipwi kwa kazi anayofanya, bali hulipa ili aruhusiwe kuifanya. Najua neno hili litawaudhi vijana wengi wanaosoma kurasa hizi. Waudhike, kisha waendelee kusoma.

Kabla ya kuendelea ni haki niwatenge wasemaji ambao huonekana kusimama upande wangu na hali hatumo katika safu moja. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2023 ombi lilifikishwa katika Bunge la Taifa kutaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Wazazi wengi walilishangilia. Lakini mwaka huo huo taasisi ya Reuters iliyo katika Chuo Kikuu cha Oxford ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa watu 54 katika kila 100 wa watumiaji wa intaneti waliohojiwa hapa Kenya walikuwa wakitumia TikTok, kiasi kilichozidi kile cha nchi nyingine zote zilizochunguzwa. Kupiga marufuku kitu ambacho zaidi ya nusu ya watu hao wamekishika mkononi ni kujaribu kuuziba mto Voi kwa kiganja wakati wa masika. Zaidi ya hayo, lawama yenyewe imeelekezwa pasipo mahali pake. Wazee husema kuwa vijana hutazama mno. Mimi ni mwalimu, na kila siku nimo kati ya vijana. Nasema kuwa vijana hawatazami. Laiti wangetazama!

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika muhtasari wa sehemu moja ya tamthilia yoyote waliyoiona wakati wa likizo. Karatasi zilipofika mezani niliona ajabu. Wengi hawakuandika yaliyotendeka katika tamthilia. Waliandika yaliyosemwa juu yake. Mmoja aliandika kwamba mhusika fulani alichekwa na nchi nzima. Mwingine alitaja idadi ya watu waliobonyeza alama ya moyo, kana kwamba idadi hiyo ilikuwa sehemu ya hadithi. Niliuliza darasani kwa nini yule mama katika tamthilia alimkatalia mwanawe kuoa. Waliojua sababu walikuwa watatu. Waliojua mzaha uliotungwa mtandaoni juu ya kilemba cha yule mama walikuwa darasa zima.

Basi hapo ndipo penye ugonjwa. Wanafunzi wetu wengi hukaa katika shule za bweni ambako simu haziruhusiwi. Shule ikifungwa hurudi nyumbani wakiwa nyuma ya wenzao kwa majuma kumi na zaidi ya tamthilia, nao huona haya. Hawaanzi kwa kutazama sehemu walizozikosa, maana zina saa nyingi. Huanza kwa vipande vya nusu dakika na kwa maneno yaliyoandikwa chini ya vipande hivyo. Kwa siku mbili wamekwisha kujua nani wa kuchukiwa, nani wa kuhurumiwa, na utani upi wa kurudia. Wamepata hukumu bila kusikiliza kesi. Ikiwa baadaye wataitazama tamthilia yenyewe, wataitazama kama mtu anayesoma kitabu kilichopigiwa mistari na mwingine. Jicho halioni ila palipopigwa mstari.

Wazazi wetu nao walikuwa mashabiki. Walipenda Vitimbi, walipenda Vioja Mahakamani, na wengi waliweza kuigiza sauti ya Mzee Ojwang' kwa namna ya kuwachekesha hata wagonjwa. Katika nyumba moja ya Voi au ya Sagalla iliyokuwa na televisheni mtaa mzima ulijaa, watoto sakafuni, wakubwa vitini, na wengine dirishani. Ubishi ulikuwako, wala haukuwa mdogo. Lakini aliyesema alikuwa na uso, na aliyejibu alikuwa na uso. Mtu aliyetukana alilazimika kukutana kesho yake kisimani na yule aliyemtukana. Kipindi kilipokwisha watu walikwenda kulala, na maneno yalilala pia. Sisemi kuwa zama zile zilikuwa pepo. Mwenye televisheni alikuwa na kiburi chake, na mtoto aliyepiga chafya wakati wa taarifa ya habari alitolewa nje. Nasema tu kuwa ubishi wa sebuleni haukuwa mali ya mtu yeyote. Hakuna aliyeuhesabu, na hakuna aliyeuuza.

Ubishi wa leo huhesabiwa na kuuzwa, na sisi wa Taita Taveta hatuna udhuru wa kutoelewa jinsi inavyokuwa, maana tumeishi kando ya mkonge miaka mingi. Mkata mkonge wa Voi au wa Mwatate huamka kabla ya jua. Hukata majani, huyafunga mafungu, na mafungu yake huhesabiwa. Ujira wake ni mdogo, na malalamiko juu ya ujira huo yana umri mrefu kuliko wengi wetu. Hata hivyo hajatokea msimamizi wa kumwambia kuwa yeye ndiye mwenye shamba, wala wa kumtoza kiingilio langoni.

Sasa mtazame shabiki. Sehemu ya tamthilia ikiisha, iwe Maria iliyoanza Citizen TV mwaka wa 2019, iwe Zora iliyoifuata, au Sultana iliyokuja baada ya hiyo, shabiki huchukua simu. Hukata kipande ambacho mwovu anaaibishwa, hukitungia maneno ya kuchekesha, kisha hukirusha. Wa pili hujibu, wa tatu hupinga, wa nne hutukana, na wa tano, ambaye hakuiona tamthilia kabisa, huvutwa na kelele. Kila mguso wa kidole huhesabiwa kama fungu la mkonge. Kampuni yenye mtandao hupima jicho lilitulia wapi na kwa muda gani, nayo huuza nafasi ya tangazo kati ya kipande na kipande. Stesheni ya televisheni nayo huzichukua hesabu hizo hizo na kuwaonyesha watangazaji jinsi kipindi chake kinavyotajwa nchini. Aliyekata ni shabiki, aliyefunga ni shabiki, aliyebeba mpaka ghalani ni shabiki, na bando lililobeba mzigo huo amelinunua yeye kwa fedha yake.

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni maneno ya mwalimu mwenye wivu. Natoa ushahidi usiokuwa wangu. Mwaka wa 2017 kampuni ya Facebook iliamua kuwa alama za hisia, pamoja na ile ya uso wenye hasira, zihesabiwe mara 5 ya alama ya kawaida ya kupenda, katika kuchagua ni maandishi yapi yasukumwe mbele ya watu. Jambo hili lilijulikana na ulimwengu mwaka wa 2021, nyaraka za ndani za kampuni zilipotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake. Kampuni ilikuwa imekwisha kuupunguza uzito wa hasira kabla ya siri kutoka, na mwisho ikaufanya kuwa sufuri. Lakini kabla ya uzito huo kupunguzwa mtu aliyekasirika alikuwa na thamani ya watu watano waliopendezwa. Zingatieni hesabu hiyo, ninyi mnaopenda hisabati. Mkulima hupanda zao lenye bei. Ikiwa bei ya ghadhabu ni mara 5 ya bei ya furaha, nani atapanda furaha?

Hii ndiyo sababu, katika makundi ya mashabiki, mhusika mwovu hupata wafuasi wa chuki wengi kuliko wafuasi wa upendo alio nao mhusika mwema. Na chuki haikomi kwa mhusika. Humfuata mwigizaji mpaka kwenye ukurasa wake mwenyewe, ambako ameweka picha ya mtoto wake au ya harusi ya dada yake. Chini ya picha hizo hupangwa matusi kwa ajili ya jambo alilolitenda katika hadithi, kwa maneno ya mtunzi, mbele ya kamera, kwa ujira. Mtu akiigiza vyema hutukanwa zaidi, na akiigiza vibaya husamehewa kwa kutosadikika. Sijaona sanaa nyingine ambayo malipo ya ustadi ni laana.

Ubwana huu wa uongo wa shabiki haukuanza na simu hizi za kioo. Shindano la nyimbo la Tusker Project Fame lilipoanza mwaka wa 2006, watazamaji wa Afrika Mashariki walialikwa kuamua nani abaki na nani atoke kwa kutuma ujumbe wa simu. Walituma kwa bidii. Valerie Kimani wa Kenya akashinda mwaka huo, na sisi tukajiona tumemtawaza. Msichana aliimba vizuri na alistahili. Simwondolei sifa yake. Lakini kila kura ilikuwa na bei, na kadiri watu walivyobishana kwa ajili ya taifa hili na taifa lile ndivyo kura zilivyozidi kununuliwa. Hapo ndipo tulipofundishwa somo la kwanza, kwamba kupenda kwa dhati ni kulipa mara nyingi. Mitandao imelirefusha somo lile tu, ikaondoa mwisho wa shindano.

Fedha ya bando hutoka wapi? Swali hili huulizwa na watu wachache, kwa kuwa kila bando moja ni dogo. Kijana wa Voi hununua la saa moja, likiisha hununua jingine, na mwisho wa mwezi hawezi kukueleza alitumia kiasi gani, kama vile mvutaji wa sigara moja moja asivyojua alimaliza pakiti ngapi. Nimewaona wanafunzi wakitembea kwa miguu kutoka stendi ili nauli ya bodaboda igeuke bando. Kutembea ni afya, wala sikatai; lakini kijana huyo akifika nyumbani huitumia fedha ile kutetea heshima ya mhusika ambaye hayuko duniani. Baada ya bando huja mambo mengine: dera kama la yule, nywele kama za yule, na sahani kama zile zilizopangwa juu ya meza ya tajiri wa tamthilia. Sokoni muuzaji mwerevu hatangazi tena kitambaa kwa ubora wake. Hutaja jina la mhusika, na kitambaa huondoka. Juu ya mashabiki wa kandanda ya Uingereza sitasema mengi. Wao hulipa kiingilio ukumbini, hununua jezi mpya kila msimu, kisha hugombana mpaka alfajiri juu ya mji ambao hawajaufikia. Deni lao ni kubwa kuliko la wapenzi wa tamthilia, ingawa ndio wanaowacheka zaidi.

Sasa nifike kwenye hoja inayonikera kuliko zote. Mashabiki husema: tunawapenda waigizaji wetu. Tuupime upendo huo. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya walifurahia kipindi cha Tahidi High katika Citizen TV, hadithi ya maisha ya shule, na katika kipindi hicho walimjua mwigizaji aitwaye Omosh. Jina lake lilitajwa mabwenini, vipande vyake vilisambazwa, na misemo yake ilirudiwa. Mapema mwaka wa 2021, katika mwaka mgumu wa maradhi ya Korona, baada ya kazi kukatika, mtu huyu alitokea katika video akilia na kuomba msaada kwa ajili ya kodi ya nyumba na chakula cha watoto wake. Nchi ilishtuka. Fedha zikachangwa, ahadi zikatolewa, na kwa majuma kadhaa kila mtu alimtaja. Kisha, kabla ya mwaka kwisha, alipoeleza kuwa bado ana dhiki, walewale waliomlilia walimgeukia kwa kejeli. Machozi yake ya kwanza yalikuwa yamekatwa vipande na kusambazwa kwa huruma. Sasa yalisambazwa kwa kicheko.

Sitaki kuingia katika maisha ya mtu huyo, wala kuuliza alizitumiaje fedha alizopewa. Hilo ni lake na la nyumba yake. Nauliza juu yetu. Ulikuwa wapi upendo wa mashabiki katika miaka yote ambayo vipande vyake vilikuwa vikizunguka? Ulikuwa ukifanya kazi mchana na usiku, ukiingiza faida, na hakuna senti ya faida hiyo iliyotua kwake kwa njia ya vidole vyetu. Upendo ulimfikia mara moja tu, na ulimfikia kama sadaka. Mfanyakazi aliyepaswa kupata ujira alipewa sadaka, na alipoomba sadaka mara ya pili akaitwa mwombaji. Mambo haya hayaitwi upendo katika lugha yoyote ninayoijua. Wala hayajakoma: wako hata leo wanaokusanya sehemu nzima za tamthilia na kuzigawa bure kwa Telegram, na mashabiki huwashukuru kwa ukarimu. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa mali ya mtu mwingine.

Vijana hodari watanijibu kwa mfano mmoja, na ni mfano mzuri, kwa hiyo nitautaja mwenyewe. Mwezi wa Julai mwaka wa 2015, Rais Obama wa Marekani alipokuwa karibu kuzuru Kenya, televisheni ya CNN iliiita nchi yetu kitovu cha ugaidi. Wakenya waliokuwa Twitter, kama walivyokwisha kufanya mwaka wa 2012 kwa kosa jingine la stesheni hiyo hiyo, waliungana chini ya maneno ya kuwataka watu waiambie CNN ukweli. Walifanya hivyo kwa werevu na kwa mzaha mkali, mpaka mwezi wa Agosti mkuu mmoja wa CNN, Tony Maddox, akafunga safari mpaka Nairobi kuomba radhi. Je, hapo watazamaji hawakuwa mabwana?

Walikuwa. Sipunguzi hata chembe ya ushindi ule. Lakini tazameni ulivyopatikana. Watu walikuwa na dai moja; walijua wanamdai nani; na walijua dai likitimizwa litaonekanaje. Siku radhi ilipoombwa, kazi ilikuwa imekwisha. Sasa nionyesheni, katika makelele yote ya mashabiki wa tamthilia, dai moja la namna hiyo. Nani ameudai mkataba bora kwa waigizaji? Nani ameuliza kwa nini jina la mtunzi wa hadithi hupita upesi kiasi kwamba jicho haliwezi kulisoma? Tunazo nguvu za kumleta mkuu wa stesheni ya ng'ambo kwa ndege, na tunazitumia kubishana ni mke yupi wa mzee wa tamthilia aliyevaa vizuri zaidi.

Na sisi wa kaunti hii tuna dai letu ambalo halijatajwa. Mwaka wa 1898 simba wawili waliwala wafanyakazi wa reli pale Tsavo, mwendo mfupi kutoka Voi. Ulimwengu unaijua habari hiyo kwa sababu ya sinema ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1996, The Ghost and the Darkness; na sehemu kubwa ya sinema hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Simba wenyewe, waliojazwa na kushonwa, wamo katika jumba la makumbusho mjini Chicago. Yaani mizoga iko Marekani, picha ni ya Afrika Kusini, na kwetu imebaki njia ya reli. Kipande cha sinema hiyo hurudi mitandaoni kila baada ya miezi michache, na vijana wetu hukisambaza kwa fahari wakiandika kuwa hapa ni kwetu. Hapana, ndugu zangu. Pale si kwetu. Pale ni mahali palipokodiwa ili pafanane na kwetu.

Wako watakaosema kuwa hadithi zetu hazina mvuto wa kutosha kwa televisheni, na kwamba stesheni haziwezi kutumia fedha kwa jambo lisilotajwa na watu. Sehemu ya pili ya neno hilo ni kweli, nayo ndiyo inayotuhukumu. Hesabu wanazozitazama wenye stesheni ni zile tunazozikusanya sisi kwa vidole vyetu. Mashine inayochagua cha kumwonyesha kijana wa Wundanyi haijui kuwa yuko Wundanyi ila kwa ajili ya kumuuzia tangazo; humwonyesha kinachotajwa Nairobi, naye hukitaja pia, na kutaja kwake huwa sababu ya kuonyeshwa tena. Duara hilo halina mlango. Mtu hawezi kukosa kitu ambacho hajapata kukiona, na hawezi kukidai asipojua kuwa amekikosa. Ndiyo maana nimesema kuwa hasara yetu kubwa si bando, wala si saa zilizopotea. Hasara ni kwamba jitihada yote hii ya upendo, ya akili na ya ucheshi, ambayo ingeweza kuzaa hadithi, huishia katika kunakili hadithi za wengine vipande vipande.

Kama sehemu ya kwanza ni kweli, kwamba hatuna hadithi za kuvutia, msomaji na apime mwenyewe. Mwaka wa 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa mlima Kasighau walituhumiwa na serikali ya Waingereza kuwa waliwasaidia Wajerumani. Vijiji vyao vilichomwa moto. Wao wenyewe, wazee kwa watoto, walihamishwa kwa nguvu mpaka Malindi, nchi ya joto na ya homa ambayo miili yao haikuizoea, na wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuurudia mlima wao. Yamo humo mapenzi, usaliti, safari, mauti na kurudi nyumbani. Nambieni ni tamthilia gani ya jioni iliyo na zaidi ya hayo. Watunzi wa Maria na Sultana wameonyesha kuwa Kiswahili cha kwetu na sura za watu wetu vinaweza kuifanya nchi ikae kimya kwa nusu saa. Ustadi upo. Linalokosekana ni watazamaji wa kudai.

Rukanga, Makwasinyi, Jora, Kiteghe na Bungule ni vijiji vinavyouzunguka mlima huo. Wamo humo watu wazima waliopokea masimulizi ya uhamisho kutoka kwa babu na bibi zao. Gari likiondoka Voi asubuhi hupita Maungu na kufika Rukanga kabla ya mchana, na simu mnayoitumia kukata vipande vya tamthilia ina kamera na kinasa sauti.